Picha nyeusi na nyeupe zinageuka kijani: je, dawa ni profaili?

Msomaji wa Mombasa ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina duka dogo la picha, natumia Epson L1800 kwa paspoti na harusi, na wateja hawalalamiki. Sasa nimeskani negativu za marehemu babu, za miaka ya sitini, nataka kuzichapa A3 tuzitundike ukumbini siku ya shughuli ya familia. Kwenye kompyuta zinapendeza. Zikitoka kwenye karatasi, nikizitazama nje mchana zina ukijani, usiku chini ya balbu zina wekundu. Isitoshe, mabuibui ya akina bibi yamekuwa tope jeusi, mikunjo haionekani, na kanzu nyeupe zimeungana na karatasi. Nimeambiwa shida ni profaili na ninunue mashine ya kupimia rangi. Ni kweli? Au nitafute printa nyingine kabisa?"

Marahaba, mdogo wangu. Waliokutajia profaili, yaani faili linaloieleza kompyuta jinsi printa yako inavyotoa rangi kwenye karatasi fulani, hawakukudanganya, ila wameanzia katikati. Hapo una kasoro mbili, na kila moja ina chanzo chake. Kugeuka rangi kati ya mchana na usiku kunatokana na wino wenyewe, na profaili haiwezi kuiondoa kasoro hiyo, inaweza kuipunguza tu. Buibui kuwa tope na kanzu kupotea ni suala la ngazi ya toni, yaani hatua za kutoka weupe hadi weusi, na hilo linatibika vizuri sana, tena sehemu kubwa bila kununua chochote. Usitoe pesa kwanza. Soma mpaka mwisho.

Tuanze na kijivu kinatoka wapi. L1800 ina wino sita: mweusi, sayani, majenta, njano, halafu sayani na majenta zilizozimuliwa zikawa hafifu. Wino wa kijivu hamna. Ukitaka kijivu cha mbali, kama uso wa mtu aliyesimama kwenye mwanga, printa ingeweza kudondosha vitone vyeusi vichache vilivyoachana, lakini jicho lingeviona kama mchanga uliomwagwa usoni. Kwa hiyo draiva, ile programu inayoiendesha printa, inavikwepa. Inachanganya sayani hafifu, majenta hafifu na njano kwa vipimo vinavyotoshana, rangi zinauana, jicho linaona kijivu. Wino mweusi unaingia kwa wingi baadaye tu, toni zikishakuwa nzito.

Huna haja ya kuniamini kwa maneno. Chukua kioo cha fundi saa, weka picha yako mezani penye mwanga mkali, tazama sehemu ya shavu au ukuta mweupe. Utaona vitone vya buluu na vya waridi vimepangana kama kitenge, na njano kwa shida kidogo. Kisha hamisha kioo hadi kwenye buibui, utakuta weusi mtupu. Picha unayoiita nyeusi na nyeupe ni picha ya rangi iliyojificha. Ukichagua kuchapa kwa kijivu kwenye draiva huku umechagua karatasi ya picha, mara nyingi hali haibadiliki sana. Jaribu, kisha rudisha kioo uhakikishe.

Sasa, kijivu cha namna hiyo kinategemea taa. Kinatoshana chini ya mwanga ule ambao kilisawazishiwa, na kwa desturi ya kiwanda cha uchapaji mwanga huo ni D50, mwanga wa mchana wa kukadiria. Balbu ya zamani ya waya ina wekundu mwingi na buluu kidogo. Taa ya LED ya bei rahisi ina mwiba wa buluu na pengo baada yake. Jua la saa sita lina kila kitu. Kila wino unanyonya sehemu yake ya mwanga, basi mwanga ukibadilika, mizani ya wino tatu inapinda, na inapindia kijani au waridi. Wino wa kaboni, ule mweusi wa chembe za masizi ambao printa yako haina, haufanyi hivyo kwa kiwango hicho kwa sababu unanyonya karibu mwanga wote kwa usawa. Picha za fedha za zamani vilevile: zile zilizotoka Capital Art Studio kule Mji Mkongwe, Unguja, studio iliyofunguliwa mwaka 1930, toni zake zote zilijengwa na punje za fedha peke yake. Ukiitoa uwani au ukaiweka chini ya taa ya chemli, inabaki ni kijivu kilekile. Huo ndio mshindani wako, na ana faida kubwa kuliko wewe.

Kuna mchokozi mwingine ambaye watu wengi hawamtaji, nao ni weupe wa karatasi. Karatasi nyingi za bei nafuu zimetiwa dawa ya kung'arisha inayopokea miali ya urujuani isiyoonekana na kuitoa kama buluu. Omba wakala wa M-Pesa jirani akuazime ile taa ya kukagulia noti bandia, uimulike karatasi yako gizani. Ikiwaka buluu kama shati jipya la shule, jua kwamba nje juani karatasi hiyo itakuwa ya baridi na ndani ya nyumba itakuwa na umanjano, hata kabla ya wino kuingia kwenye kesi. Picha utakazozitundika ukumbini ni heri zichapwe kwenye karatasi isiyowaka, au inayowaka kidogo.

Kwa printa yako hii, ushauri wangu ambao wapiga picha wengine huubishia ni huu: usikimbizane na kijivu kisicho na rangi kabisa. Jicho ni kali mno kwa ukijani na uwaridi pale lilipotarajia kijivu kitupu. Ukiitia picha joto kidogo kwa makusudi, kahawia ya mbali sana, basi taa ikibadilika picha itahama kutoka joto kidogo kwenda joto zaidi au pungufu, na hakuna atakayeshtuka. Kwenye Lab, mfumo wa kuandika rangi kwa namba tatu (L ni mwangaza kutoka 0 nyeusi hadi 100 nyeupe, a ni ukijani au uwaridi, b ni ubuluu au umanjano), hiyo ni b ya 3 au 4 na a ya 1 katika toni za kati, ikififia kuelekea weupe na weusi. Picha za familia za miaka ya sitini zinabeba joto hilo vizuri. Sepia ya kupindukia ndiyo inayoziharibu.

Tuje kwenye tope.

Tengeneza ngazi ya hatua 21. Fungua faili jipya kwenye Photoshop, ulifanye la Lab, chora visanduku 21 vilivyopangana, cha kwanza L 100, kinachofuata 95, kisha 90, hivyo hivyo hadi 0, na a na b zote sifuri. Chini yake weka utepe mmoja mrefu unaofifia taratibu kutoka nyeusi hadi nyeupe, maana utepe unafichua mipasuko ambayo visanduku vinaificha. Kabla ya kuchapa, fanya ukaguzi wa nozeli, vile vitundu vinavyotoa wino. Mstari mmoja wa majenta hafifu ukikosekana, kazi yote inayofuata ni bure. Kwenye duka lenye vumbi na umeme wa kukatika katikati ya kazi, huo mstari hukosekana mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Chapa ngazi hiyo kwenye karatasi utakayotumia, ubora wa juu kabisa, kasi ya juu imezimwa, bila kuchagua kuchapa hadi ukingoni, kwa sababu uchapaji wa bila ukingo unakuza picha. Iache ikauke mpaka kesho yake. Wino wako ni wa rangi iliyoyeyuka, si wa chembe, na unaendelea kutulia kwa masaa mengi. Pwani, hewa ilivyo na unyevu, unachelewa zaidi. Wenye haraka hupima chati baada ya dakika kumi, kisha wakashangaa profaili yao haikubaliani na picha za wiki ijayo.

Asubuhi itazame dirishani. Hesabu kutoka upande mweusi: visanduku vingapi vimeungana? Kwa ulivyoeleza, nahisi L 0, 5, 10 na pengine 15 ni kitu kimoja. Mikunjo ya buibui inakaa humohumo, kati ya L 5 na 20. Upande wa pili, kanzu na darizi yake ya shingoni ziko kati ya L 88 na 96. Ikiwa visanduku vya 95 na 90 vimemezwa na karatasi, darizi haina pa kukaa.

Weusi ukiungana, sababu ya kwanza ya kuishuku ni wino kuzidi. Karatasi ina kikomo cha wino inaoweza kushika. Ukipita hapo, kuongeza wino hakuongezi weusi, kunaongeza dimbwi, na pengine weusi hurudi nyuma ukawa na mng'ao wa kijivu. Anayeamua wingi wa wino kwenye draiva yako ni ile orodha ya aina ya karatasi. Watu wanadhani ni jina tu. Chapa ngazi ileile mara kadhaa kwenye karatasi ileile, kila mara umechagua aina tofauti: ya kung'aa sana, ya kung'aa nusu, ya mati (isiyong'aa). Andika nyuma ya kila moja kwa penseli. Chagua ile inayotenganisha visanduku vingi zaidi kwenye giza huku weusi wake ukibaki mzito. Mara nyingi si ile inayofanana na jina lililoandikwa kwenye pakiti, hasa kwa zile pakiti za gramu 230 zisizo na kiwanda kinachojulikana. Ukishachagua, ndoa imefungwa: mashine hii, wino huu, karatasi hii, chaguo hili la draiva, ubora huu. Ukibadilisha kimoja, kila kipimo utakachofanya baada ya hapo kimekufa. Ndiyo maana chupa za wino za kuokoteza, leo za huyu kesho za yule, haziendi na habari ya profaili hata kidogo.

Baada ya hapo ndipo kunyoosha ngazi. Wazo lake ni hesabu ya darasa la tano. Tuseme weupe wa karatasi yako unapimwa L 95 na weusi wako mzito kabisa L 5. Kati yao kuna 90, na ngazi ina mapengo 20, basi kila hatua inapaswa kushuka 4.5. Ukikuta kwenye toni za kati hatua inashuka 7 au 8, halafu kwenye giza inashuka 1 au chini yake, umeona ugonjwa wako kwa namba: printa imetumia ngazi yake mapema, ikafika gizani haina pa kukanyaga. Unatengeneza mchoro wa Curves, kile kifaa cha Photoshop cha kupandisha na kushusha toni, unaorudisha mapengo yalingane, unauhifadhi, unauweka juu ya kila picha kabla ya kuichapa kwa mpangilio ule ule. Wala usitarajie buibui lishuke mpaka L 0. Litashuka hadi 5, na mikunjo yote itagawana nafasi iliyobaki juu yake.

Namba hizo utazipata wapi bila mashine? Una skana, si ndiyo? Zima marekebisho yote ya kujiendesha, mwangaza, ukali, kila kitu, weka kijivu, weka ngazi yako kwenye kioo pamoja na kadi ya ColorChecker, kadi ya rangi za kupimia. Mstari wa chini wa kadi hiyo una visanduku sita vya kijivu vyenye L inayojulikana, karibu 96, 81, 66, 50, 35 na 20. Soma skana imekipa kila kimoja thamani gani, upate jedwali la kutafsiri, kisha utafsiri hatua zako 21. Njia hii haiwezi kuitwa maabara. Skana inachafuliwa na mwanga unaorukaruka ndani yake, na chini ya L 20 husoma giza kuwa jepesi kuliko lilivyo, mahali hasa penye buibui lako. Kwa hiyo toni za kati na za juu iamini skana, gizani amini macho yako dirishani. Kwa kazi ya maonyesho moja ya familia, ukifika hapa umeshapata theluthi mbili ya ubora unaoutafuta.

Ukitaka theluthi ya tatu, ndipo panaingia spektrofotometa, ile mashine uliyoambiwa. Za mkononi zinazojulikana ni i1 Pro ya X-Rite na ColorMunki, ambayo baadaye iliitwa i1Studio na siku hizi jamaa yake anauzwa kwa jina la Calibrite. Usichanganye na vile vidude vya kutundika kwenye kioo cha kompyuta. Hivyo vinapima skrini, havijui karatasi. Mimi ningekushauri mshirikiane watu watatu wanne wenye studio mnunue moja, maana ukishatengeneza profaili za karatasi zako mbili mashine inakaa kabatini miezi.

Programu inayokuja nayo hutengeneza profaili ya rangi kwa jumla, na ya ColorMunki hutumia viraka vichache, yaani visanduku vya rangi vya kupimwa, kama mia moja. Kwa harusi inatosha. Kwa nyeusi na nyeupe haitoshi, kwa sababu kati ya viraka hivyo vinavyoangukia kwenye mstari wa kijivu ni vichache mno, na katikati yake programu inakisia. Kukisia kwenye gauni jekundu hakuna atakayejua. Kukisia kwenye kijivu kunaonekana papo hapo: shavu limependeza, kivuli chini ya kidevu kina uwaridi, nywele zina ukijani. Nadhani umeshakutana na picha za aina hiyo.

Ndiyo sababu napendelea ArgyllCMS ya Graeme Gill, programu ya kutengeneza profaili ambayo ni ya bure na inazungumza na mashine hizo zote mbili. Haina madirisha mazuri. Unaandika amri, na wengine wanaikimbia kwa hilo tu. Lakini unaiambia unachotaka. Kwenye targen ukiweka -d2 unaieleza kwamba ni printa inayopokea RGB (nyekundu, kijani na buluu), -g64 unadai hatua 64 za kijivu, na -f840 unataka viraka 840 kwa jumla. Kisha printtarg inakupangia kurasa, chartread inakusomea mistari ukiiburuza mashine, colprof inatengeneza profaili. Usomaji wa viraka 840 kwa mkono ni kazi ya kuchosha, fanya asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia. Chini ya karatasi inayosomwa weka karatasi nyeupe mbili tatu, si meza ya mbao.

Chati lazima ichapwe bila mtu yeyote kuigusa rangi zake njiani. Photoshop iliondoa uwezo huo tangu toleo la CS5 mwaka 2010, na Adobe wakatoa kiprogramu kidogo kinachoitwa Adobe Color Printer Utility kwa kazi hiyo hiyo. Kwenye draiva ya Epson ya Windows unaingia sehemu ya rangi, unachagua Custom, halafu "Off (No Color Adjustment)". Na baadaye unapochapa picha yenyewe kwa profaili yako, Photoshop ndiyo iongoze rangi na draiva ibaki kwenye Off ileile. Wote wawili wakiongoza, picha hutoka nzito na yenye wekundu; nusu ya malalamiko ya "profaili mbovu" ninayoletewa ni hayo tu. Faili liwe RGB, si Grayscale. Njia ya kutafsiri iwe Relative Colorimetric na ufidiaji wa weusi umewashwa, kwani huo ufidiaji ndio unaokunja giza la faili liingie ndani ya giza la karatasi badala ya kulikata.

Ukimaliza yote haya, ngazi yako itakuwa imenyooka na kijivu chako kitakuwa sawa chini ya mwanga wa mchana. Chini ya balbu bado kitahama kidogo. Profaili imepimwa kwa mwanga mmoja, na wino ni uleule. Hapo ndipo ule ushauri wa joto kidogo unapokuja kukuokoa.

Umeuliza kuhusu kubadilisha printa. Kama ni shughuli hii moja, usibadilishe. Kama unataka nyeusi na nyeupe iwe sehemu ya kazi yako, basi swali la kumwuliza muuzaji ni moja: ina wino wa kijivu mingapi? Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2005, Epson walipotoa wino wa UltraChrome K3 kwenye R2400 na wenzake: weusi wa ngazi tatu, mzito, hafifu na hafifu zaidi, wa chembe za rangi zisizoyeyuka. Humo ndimo ilimoingia ile hali ya uchapaji inayoitwa Advanced Black and White, ambamo draiva inajenga kijivu kwa wino hizo nyeusi na kutia rangi kidogo sana ya kusawazisha. Kidogo hicho kinahitajika, maana kaboni ikizimuliwa huwa na ukahawia. Tofauti yake chini ya kioo cha fundi saa ni ya kushangaza: vitone karibu vyote ni vya kijivu. Na kwa kuwa kijivu kinabebwa na kaboni, ukikitoa juani kinabaki palepale.

Wa miaka ya karibuni ni Epson SureColor P700 kwa A3+ na P900 kwa A2, au Canon PRO-300 kwa upande wa pili. Bei yake na bei ya katriji zake si mchezo. Ukitaka kubaki na matangi ya chupa, L8180 ina wino mmoja wa kijivu pamoja na weusi wa picha, ni hatua mbele ya L1800 yako, ingawa wino wake wa picha bado ni wa kuyeyuka. PRO-200 ya Canon nayo ni ya kuyeyuka lakini ina vijivu viwili, na kwenye karatasi ya kung'aa inatoa weusi mzuri mno. Picha za wino wa kuyeyuka ziwekwe nyuma ya kioo. Hewa chafu na jua vinazila.

Kwa mwenye Epson ya K3 au za baada yake, hata profaili ya RGB haihitajiki kwa kazi hii. Anachapa ngazi kwa hali ya nyeusi na nyeupe, anapima L ya kila hatua, na QTR-Create-ICC, kiprogramu kinachokuja na QuadTone RIP ya Roy Harrington (programu ya kuchapa nyeusi na nyeupe), inamtengenezea profaili ya kijivu kutokana na namba hizo chache. QuadTone RIP yenyewe inaenda mbali zaidi: inaiweka draiva ya Epson kando kabisa, wewe ndiwe unayeamua kila wino uingie wapi, ukomee kiasi gani, na namba zako 21 unaziandika kwenye mstari wa LINEARIZE ndani ya faili la maelezo, nayo inanyoosha yenyewe. Hakikisha modeli yako imo kwenye orodha yake kabla ya kulipa.

Kuna wanaokwenda mpaka mwisho wa njia: wanatoa wino wote wa rangi na kujaza vijivu vitupu vya kaboni, kwa mfumo wa Piezography wa Jon Cone wa Vermont, Marekani. Uzuri wake nausifu bila kusita. Kwa mwenye duka la paspoti siushauri. Mashine ikishajazwa hivyo, harusi na paspoti hazitoki tena humo, na chembe za kaboni zinatuama. Usipochapa kila wiki, vichwa vinaziba.

Neno kuhusu karatasi. Weusi unaoweza kuupata unaamuliwa nayo zaidi ya kitu kingine chochote. Karatasi nzuri ya mati ikikupa weusi wa L 16, ambao kwa densiti, kipimo cha uzito wa weusi, ni kama 1.7, umefika kileleni mwake. Ya kung'aa au ya barita (yenye tabaka jeupe la madini chini ya wino) inakupa L 5 au chini, karibu 2.25 na kuendelea. Kwa hiyo mabuibui yako, ambayo ndiyo roho ya picha hizo, nisingeyapeleka kwenye mati, tena kwa L1800 isiyo na wino mweusi wa mati. Chukua ya kung'aa nusu. Ile ya kung'aa kabisa ukumbini itaakisi kila taa na kila dirisha.

Na kioo cha kompyuta yako nadhani kinakudanganya pia. Kompyuta ya duka huwekwa mwanga wa juu kabisa ili kupambana na mwanga wa barabarani, kisha karatasi inaonekana imelala. Ishushe hadi kama kandela 100 kwa mita mraba. Bila kipimo, fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe pembeni chini ya taa unayofanyia kazi, punguza mpaka vikaribiane. Utashangaa ni vivuli vingapi ulikuwa unaviona kwenye skrini peke yake.

Kabla ya kuchapa A3 hata moja, nenda ukumbini saa ileile shughuli itakapofanyika, na ngazi yako mkononi. Taa zikiwa LED za baridi, utaona ngazi inaelekea wapi, na hapo ndipo uamue joto utakalotia. Ukiweza kumshawishi mwenye ukumbi abadilishe balbu nne juu ya ukuta huo ziwe za aina moja, zenye alama ya CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu) ya 90 kwenda juu, utakuwa umefanya zaidi ya profaili yoyote. Kisha chapa pande ndogo tu, uso mmoja, pindo moja la buibui na shingo moja ya kanzu kwenye A4, uzitundike hapo jioni. Ukiziona darizi na mikunjo ukiwa umesimama hatua mbili mbali, chapa zote siku moja, kwa chupa zilezile za wino na pakiti ileile ya karatasi.